Alama Kwenye Paja la Ng'ombe

Kuna mwanamume mmoja pale Nachingwea aliyenifukuzia wateja kwa miaka, na bado nilikuwa nampelekea chai. Duka langu la vitenge na studio yake vilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma, na ukuta wenyewe haukufika juu. Kila alichosema nilikisikia, na kila nilichouza alikisikia. Akisikia mteja anasifu kitambaa cha mistari myembamba, aliacha kazi yake, akazunguka, akaja kusimama mlangoni kwangu mikono nyuma. "Hicho ni cha sherehe?" anauliza. Mteja akijibu ndiyo, ujue biashara imeshakufa.

Alikuwa anaeleza kwamba picha ya kamera imeundwa kwa vidoti vidogo vilivyopangwa kama mahindi shambani, na kwamba mistari myembamba ikikutana na mistari ya vidoti hivyo, inagombana. Kwenye video kitambaa kinaanza kutambaa kama kimeingiwa na siafu, na yeye hawezi kukitoa. Mteja anakiangalia kitambaa, ananiangalia mimi, anakirudisha. Wanawake wa kijiji cha Nandagala waliwahi kuja kuchukua sare ya sherehe ya kuwacheza unyago binti zao, mzigo ambao ningekula nao Krismasi. Fundi akatokea na siafu zake. Walinunua kitambaa cha rangi moja kwa Mpemba wa upande wa pili wa barabara. Sikuongea naye hadi chai ya kesho yake.

Watu wote walimwita Fundi, nami nitamwita hivyohivyo. Mimi ni mtu wa kuja, nilimfuata mume wangu alipohamishiwa huku kikazi, na nilipofika nilimkuta Fundi pale pale, na kamera yake ile ile ya kubeba begani aliyokuwa ameshaacha kuitumia lakini hakuiondoa dirishani. Ya kazi ilikuwa ndogo, ya kisasa. Aliifungia kwenye begi, begi akaliweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa sababu ya vumbi letu jekundu. Alimkemea kila mtu aliyegusa lenzi. Halafu yeye mwenyewe akiona chembe ya vumbi, alikuwa anafuta kwa pindo la shati.

Maneno yake yalikuwa mengi kuliko wateja wake. Chengachenga sote tulizijua, tangu enzi za televisheni za antena, lakini kwake chengachenga zilikuwa na ukoo mzima. Zipo za giza, ambapo kamera imelazimishwa kuona kisichoonekana, ikaanza kupiga kelele za rangi. Zipo za video iliyobanwa ili ipite kwenye simu. Hizo hakupenda uziite chengachenga, aliziita vijiboksi, na ukikosea alikurudisha nyuma uanze upya. Picha iliyopata mwanga mwingi imeungua. Iliyopigwa kwenye taa ya njano bila kamera kuambiwa nyeupe ni ipi, imelewa. Nguzo za umeme zinazoinama ukipiga video kutoka ndani ya gari, zile haziinami, ni kamera inayosoma picha kuanzia juu kushuka chini, na gari limeshasogea kabla haijamaliza kusoma. Haya yote nayajua, na sikuwahi kumwomba mtu anifundishe.

Siku moja dereva wa bodaboda alikuja kupiga picha ndogo za leseni. Akafanya kosa la kuuliza kwa nini kwenye video magurudumu huonekana yanarudi nyuma. Fundi akavuta kiti. Akaanza na fremu, kwamba video ni picha nyingi za kusimama zinazofuatana haraka, na tairi ikizunguka karibu mzunguko mzima kati ya picha moja na nyingine, jicho linadanganyika. Akachukua mfuniko wa sufuria akauzungusha. Yule kijana alikuwa na abiria nje. Abiria alishuka akaondoka na pikipiki nyingine, na picha za leseni zilipigwa jioni.

Ningemvumilia zaidi kama elimu yake ingemsaidia wakati wa kazi. Hapo ndipo aliponimaliza. Alijua kila ugonjwa wa picha kwa jina, na ukimtokea alichanganyikiwa kama mtu aliyeona nyoka chooni. Harusi moja ya Ruangwa nilikuwepo, nilialikwa. Ukumbi ulikuwa na zile taa nyeupe ndefu, na taa zile zinapepesa kufuata umeme ingawa macho hayaoni. Kamera inaona. Maharusi wanaingia, muziki umepamba moto, Fundi anaangalia kioo chake anaona michirizi ya giza inapanda juu ya picha. Badala ya kugeuza kitu kimoja tu kwenye kamera, kasi ya shata, kile kikope cha kamera kinachofunguka na kufunga, jambo ambalo alishanieleza mimi muuza vitenge mara zisizo na idadi, akapiga kelele taa zizimwe. Zikazimwa. Bibi harusi aliingia gizani, akakanyaga gauni, akashikwa na mpambe. Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza kwa nini hakugeuza shata. Akajifanya anahesabu betri hadi tunashuka.

Alikuwa na msemo wake mmoja. Aliusema akimkabidhi mtu flashi yenye video, aliusema mteja akilalamika, aliusema akila. "Kamera haikupi ambacho haikuchukua." Ukimletea picha ya marehemu iliyofifia, akuwekee macho, alikujibu hivyo. Mtu akitaka ndugu aliyekuwa nyuma ya nguzo atolewe mbele, jibu lilikuwa hilo. Nami niliupenda msemo ule, lazima niseme. Katika mji ambao kila mtu anakuahidi kila kitu, alikuwepo mtu mmoja anayekwambia hapana na sababu yake.

Isipokuwa kwenye nyuso. Hapo msemo ulikuwa unapumzika. Kwenye kompyuta yake alikuwa na programu ya kulainisha ngozi, na kila video ya harusi iliyotoka pale ilipitishwa humo. Chunusi zikafa, jasho likakauka, mama wa miaka sitini akarudi kuwa dada wa binti yake. Nilimwambia, Fundi, hizo nyuso kamera haikuzichukua. Akasema hiyo si kudanganya, hiyo ni adabu, kama unavyomwambia mgeni chakula kilikuwa kitamu. Alisema pia kwamba asipofanya, wataenda kwa mwingine. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Adabu hiyo ndiyo iliyotupeleka Nandagala. Kulikuwa na harusi kule, na bibi wa bwana harusi alikuwa mmoja wa wale bibi waliobaki wachache wenye nembo usoni, zile chale za zamani, mistari ya mashavuni na paji la uso. Video ilipokuwa tayari, familia ilikaa uani kuiangalia, na Fundi aliikabidhi mwenyewe, akasubiri asifiwe kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nimefuata deni langu kwa dada wa bwana harusi. Bibi akaonyeshwa akiingia, akicheza, akimtunza mwali. Akainama mbele, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Huyu bibi ametoka wapi?"

Mjukuu akacheka, akamwambia ni wewe. Bibi akapeleka vidole shavuni, taratibu, akaupitia mstari mmoja hadi mwisho. "Mimi sina uso huo," akasema, akanyanyuka akaingia ndani.

Programu ilikuwa imezifuta nembo zote. Ilidhani ni makunyanzi. Fundi aliturudisha mjini, na mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye pikipiki nilifurahi kidogo, kwa sababu ya zile sare. Lakini kesho yake alikuja dukani kabla ya chai, hakuangalia vitambaa, akakaa kwenye magunia ya mtumba. Alionekana hakulala. "Jirani," akasema, "ile programu haioni uso. Inakisia. Inakisia uso unavyotakiwa kuwa, halafu inauchora."

Aliitengeneza upya ile video, akaiacha na jasho na makunyanzi yake, akaipeleka Nandagala mwenyewe. Bibi aliitazama, akaitikia kwa kichwa, basi. Nilidhani Fundi ataiondoa ile programu. Hakuiondoa. Msimu wa korosho ulikuwa umekaribia, harusi zilikuwa zimepangana, na watu walitaka nyuso zao laini. Maneno yale ya magunia ya mtumba ndiyo nimeyashika hadi leo, kwa sababu yalikuja kuhitajika, na mwenye maneno akayameza.

Hapo ndipo anapoingia Mama Kulwa. Yeye ni Msukuma, familia yao ilishuka na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, wakapokewa kwenye kitongoji kimoja upande wa Kiegei ambacho sitakitaja. Alikuwa analeta maziwa mjini na mtindi kwenye kibuyu, na mlango wangu ulikuwa wa kwanza. Tulizoeana kwa sababu sote tulikuwa watu wa kuja, ingawa mimi nilikuja na barua ya serikali na yeye alikuja na mifugo, na watu wanajua kutofautisha. Kitu alichokitaka Mama Kulwa hakikuwa kikubwa. Alitaka wasihame tena. Walishahamishwa huko walikopita, na watoto walikuwa wameanza shule kwa mara nyingine.

Ng'ombe wakaingia kwenye mbaazi za mtu, wakala. Hilo lilitokea, hakuna aliyebisha. Wafugaji kule walikuwa wengi na mwenye shamba hakuwepo. Mpwa wake ndiye aliyeona, kutoka ng'ambo ya bonde, jua limezama, akachukua video kwa simu huku akivuta kwa vidole hadi mwisho. Akaileta kwa Fundi imeshapita kwenye simu za watu kadhaa. Alitaka chapa kwenye paja la ng'ombe ionekane, ijulikane ni wa nani.

Nilikuwa upande wangu wa ukuta, nasikia kila kitu. Na Fundi alianza vizuri, Mungu ni shahidi. Alimwambia kuvuta kwa vidole si kusogea karibu, ni kukipanua kile kidogo ulichokipata. Alimwambia paja zima la ng'ombe hapa ni vijiboksi vya kahawia na vyeusi, ukivihesabu havifiki hata viboksi vya nondo za dirisha la studio. Kamera haikupi ambacho haikuchukua. Nilikuwa naitikia kwa kichwa peke yangu kati ya vitenge.

Yule mpwa akasema, bila hasira, "Sawa mzee, kama huwezi niambie tu. Ruangwa kule madogo wanazing'arisha fresh."

 Halafu nikasikia kiti kinasogezwa na kompyuta inawashwa.

Nilizunguka nikaingia. Alikuwa na programu nyingine, ndugu wa ile ya nyuso, ya kung'arisha picha zilizofifia. Akaingiza picha ya lile paja. Likatoka paja zuri, lenye manyoya unayoweza kuyahesabu, na alama ya duara. Mpwa akasema hapana, hakuna mtu kule mwenye chapa ya duara. Fundi akaingiza tena. Likatoka paja tupu. Akaingiza tena, na safari hii likatoka paja lenye mistari miwili iliyokutana juu, kama paa la nyumba. "Ndiyo hiyo," mpwa akasema. Ng'ombe wa akina Mama Kulwa walikuwa na chapa ya paa.

Nilimwambia Fundi pale pale, umeona mwenyewe, imekupa mapaja matatu tofauti ya ng'ombe mmoja. Akasema anajua. Nikamwambia usimpe. Akasema anampa picha tu, kikao kitamwita, na kwenye kikao ataeleza. "Nitawaeleza vizuri, jirani. Nikieleza wataelewa." Nilipaswa kuogopa neno lile, eleza.

Kikao kilikuwa cha majirani na wazee wa kitongoji, kwenye upenu wa ghala. Nilifunga duka nikaenda naye. Njiani nilimsihi aseme maneno machache tu, yale aliyoniambia kwenye magunia ya mtumba. Haioni, inakisia. Akasema sawa. Mama Kulwa alikuwa amekaa chini upande wa wanawake, mumewe amesimama na fimbo yake nyuma. Picha ya paja ilizungushwa kwenye simu mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea aliitikia. Mama Kulwa alisema ng'ombe wao mwenye rangi ile alikuwa amefungwa zizini siku ile, ana kidonda cha kwato. Mtu akamjibu kwamba mambo ya kusema yamepitwa, picha imeonekana.

Akaitwa Fundi. Akasimama, akakohoa, akaanza na historia ya piseli, vile vidoti vyake vya picha.

Sitasahau. Aliwaeleza tofauti ya zumu ya lenzi na zumu ya vidole. Aliwaeleza jinsi simu inavyobana video ili ipite kwenye mtandao, na kwamba kila ikitumwa inabanwa tena. Alifika kwenye giza na chengachenga zake, na kasi ya shata, akatafuta mfuniko wa kuzungusha akaukosa. Wazee wa Kimwera, wenyeji wa kule, ni watu wa heshima, walimwachia. Kuku walipita katikati yetu. Mimi nilikuwa nimekunja khanga yangu mkononi hadi ikawa kamba, namwangalia, nangoja sentensi moja.

Mwenyekiti wa kikao alipochoka alisema kwa upole, "Fundi, sisi tunauliza jambo dogo. Hiyo alama ipo, au haipo?"

Fundi akaangalia watu. Mstari wa mbele alikaa baba wa bwana harusi wa mwaka jana, na nyuma yake shangazi wa mwali mwingine, na mwingine, watu ambao video zake zilikuwa kwenye televisheni zao sebuleni. Nadhani aliwaona. Nadhani aliona kwamba akisema programu inakisia, kila mmoja ataenda nyumbani kuangalia uso wa mama yake kwa mashaka. Hayo nayasema mimi, yeye hakuwahi kusema. Alichojibu ni, "Mzee, inategemea."

Nikasimama mimi. Nikasema nilikuwepo, nilimwona, programu ilitoa duara, ikatoa paja tupu, ndipo ikatoa paa. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko mwanamke anavyotakiwa kusema mahali pale. Mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mama, tunakuheshimu. Lakini wewe unauza vitambaa, na Fundi yupo hapa na hajasema hivyo." Nikamgeukia Fundi. Alikuwa anafuta lenzi ya kamera aliyokuja nayo bila sababu, kwa pindo la shati.

Akina Mama Kulwa wakaambiwa wavune walichopanda, kisha wahame. Siku ya mwisho Mama Kulwa aliniletea maziwa akakataa hela. Hakulalamika juu ya Fundi. Aliuliza tu kama picha ile ya ng'ombe bado anayo, kwa sababu ng'ombe mwenyewe wamemuuza, na mumewe alimpenda.  Ningemwambiaje kwamba yule kwenye picha si ng'ombe wake, wala si ng'ombe wa mtu?

Baada ya hapo Fundi aliacha kuja mlangoni kwangu. Niliuza mistari myembamba, niliuza ya kila aina, hakuna aliyenizuia, na iliniuma kuliko zile sare za Nandagala. Upande wa pili wa ukuta aliendelea kueleza watu mambo ya fremu na mwanga, tena kwa sauti zaidi, na mimi nikanunua redio. Chai niliacha kupeleka. Halafu siku moja nikakuta mlango wa studio umefungwa na kamera ya dirishani haipo, nikaambiwa amehamia Ruangwa. Sikuagwa.

Mwaka huu nilikwenda Ruangwa kufuata mzigo, na kwa kuwa nilisikia akina Mama Kulwa wako Matambarale, nikasema nipande hadi kule nikamwone. Walikuwa na nyumba ya nyasi na zizi jipya la miti ambayo bado ilikuwa na majani. Mama Kulwa alikuwa anatikisa kibuyu. Na kwenye kigoda, karibu na zizi, begi mapajani na kamera mkononi, alikuwa amekaa Fundi.

Alikuwa amekonda. Hakushtuka kuniona, alisogea kunipisha kwenye kivuli kama vile tuliachana jana. Mama Kulwa alinikaribisha, akaniulizia watoto wote kwa majina, na baada ya salamu zote kuisha akaelekeza kidevu upande wa Fundi. "Huyu alikuja juzi, leo amerudi tena. Anasema ile alama haikuwepo. Anasema aliona mwenyewe haikuwepo." Akaendelea kutikisa. "Mimi ananiambia nini, dada? Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimemfunga kamba kwa mkono wangu. Aseme kule."

Fundi hakujitetea. Nilitaka kumsema, nilikuwa nimeyabeba ya kumsema kutoka Nachingwea, na yalikuwa mengi. Kabla sijaanza akanyoosha mkono akaniomba nitoe simu yangu. "Nichukue, jirani. Nitasema, halafu uitume kwa yule mwenyekiti. Namba yake unayo." Nikamuuliza kwa nini asitumie kamera yake aliyoishika. Akasema akiitumia hiyo ataanza kurekebisha.

Nikasimama. Jua lilikuwa nyuma yake, na uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa mweusi tii. Maisha yake yote alikuwa anagombeza watu kwa kosa hilo. Nikamwambia ageuke. Akasema acha. Nikamwambia upepo unavuma utakula sauti. Akasema, "Acha hivyohivyo. Nikigeuka nitakaa vizuri, nikikaa vizuri nitaanza kueleza."

Nikabonyeza. Ndama akapita mbele, fokasi ikamfuata ndama, ikarudi. Fundi aliangalia chini, kisha akaangalia simu.

"Wazee wangu. Ile alama kwenye paja la ng'ombe haikuwepo. Programu iliikisia. Niliona ikikisia, ikakosea, nikaiacha ikisie tena hadi mkaridhika. Mliponiuliza, niliogopa. Hawa watu hawakuwa na kosa mliloliona. Na bibi zenu kwenye video za harusi, wale wanawake si wao. Niliwafuta nyuso. Ni hayo tu."

Ni hayo tu. Sikuwahi kumsikia akimaliza mapema. Mama Kulwa alikuwa ameacha kutikisa kibuyu. Niligeuka kumtazama nikiwa bado nimeishika simu, kwa hiyo mwisho wa video nguzo za zizi zimeinama, zile ambazo haziinami. Niliituma. Ilizunguka, ilizunguka, mtandao ukaishika, ikaenda.  Nilianza kumsamehe, nakiri, na nilikasirika kwamba naanza.

Simu ikalia. Mwenyekiti alikuwa ameandika mwenyewe, taratibu, kwa heshima yake yote. Alisema wameipokea, yuko na wazee wawili, wameitazama pamoja. Ila sura ya Fundi imekuwa giza, sauti inakatika, na hawana uhakika kama ni yeye. Kama yupo hapo karibu, nimwombe aisafishe kidogo kwenye kompyuta yake, halafu aitume tena.

Nilitaka kuitupa ile simu zizini, ikanyagwe. Badala yake nikampa Fundi asome. Alisoma, akarudia kusoma, midomo ikitembea. Nilingoja aseme habari ya mwanga wa nyuma, au ya video iliyobanwa, na kama angesema nadhani ningempiga. Alinirudishia simu. Akafungua begi, akaweka kamera ndani, akalifunga, na begi akaliacha pale kwenye kigoda. Akasimama akajipangusa suruali.

"Mama Kulwa," akasema, "kutoka hapa hadi Kiegei, mtu anapita wapi?"

Mama Kulwa akaweka kibuyu chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaanza kumwelekeza.